Gesi Isiyokatika

Jumapili, Oktoba. Joto kali. Mawingu yamejaa, lakini mvua inatudanganya tu.

Kwa masikitiko makubwa, sebule yetu inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki vifo vya samaki kumi na mmoja, wote wafupi kuliko kidole changu cha mwisho. Maziko yamefanyika leo asubuhi chini ya mpapai. Hakuna matanga. Konokono mmoja amesalia, na ndiye mfiwa mkuu.

Cheka, shajara. Mimi leo nimemwita shemeki wangu muuaji, mbele ya dada yake.

Yote yalianzia Golf, mtaa wa wenye nazo, kwenye jumba ninakokwenda kumfundisha binti mmoja kemia. Wana akwariamu yenye mimea ya kijani hata ukatamani kuitafuna. Siri yake, wakaniambia, ni gesi ya kaboniki, ileile ya vinywaji vyenye povu: unaiingiza majini, mimea inakula. Nikapata chupa kwa fundi wa kuchomelea, nikaunganisha mpira mwembamba, nikafungua koki kidogo. Wale wa Golf wana kifaa cha umeme kinachofunga gesi taa zikizimika. Mimi nikakidharau. Kwetu courant hukatika kila siku. Mimea ingekula lini? Gesi yangu ikatiririka usiku na mchana, kiputo kimoja kila sekunde, na pampu ndogo ikitikisa maji ili samaki wapate hewa.

"Hii haijui délestage!" niliwaambia wageni kila mgao wa umeme ulipotufikia. Nilijisikia mhandisi.

Wiki tatu zilizopita akaja Faustin, kaka wa mke wangu, mvuvi kutoka Mitwaba. Akakalia kiti changu. Akaikagua akwariamu yangu kama mtu anayechagua mboga sokoni.

"Shemeki, hii samaki njo ya kuangalia tu? Shiye kwetu tunakulaka na bukari."

Kila siku, utani uleule wa samaki na ugali. Juzi akachomoa pampu ili achaji telefone yake. Nililiweka moyoni, na moyo wangu una kabati kubwa.

Basi leo, kabla ya misa, nikawakuta samaki wote matumbo juu.

"Ni weye! Ulichomoa pampu tena!"

"Jana usiku courant haikukuwa, shemeki. Ningechaji telefone na kidole?"

Jibu zuri. Sikulitaka. Nikapaza sauti hata majirani wakazima redio ili wasikose neno. Mke wangu akaniambia, "Papa Grâce, acha. Ni samaki tu." Nikamjibu kwamba si samaki, ni heshima! Hapo ndipo nikalitamka lile neno, muuaji.

Faustin akafunga begi lake taratibu. "Nilikuya kwa dada yangu," akasema, "hapana kwa samaki yako." Akaenda kwa shangazi yao, mtaa wa Katuba. Gari la Mitwaba linaondoka kesho asubuhi.

Mchana mke wangu ameniwekea bukari na matembele bila kunitazama. Amemhudumia konokono kwa upole zaidi.

Nikaenda kukaa mbele ya kioo. Maji matupu, mimea inang'aa, na viputo vinapanda: kimoja, kingine, kingine. Bidii iliyoje.

Nimefunga koki.

Kesho nitakuwa Katuba kabla dereva hajawasha gari. Nitakachosema ni hiki, na ninakiandika hapa nisije nikakipamba njiani.

Jana jioni, tukiwa mezani, courant ilikatika. Pampu ikasimama. Gesi haikusimama. Na gizani mimea haili gesi hiyo. Nayo huitoa, kama sisi. Nimelifundisha hilo darasani miaka ishirini, na anayelisahau nampa sifuri.

Faustin ndiye aliyepita karibu na kioo, mshumaa mkononi.

"Shemeki, kuya uone. Samaki yako yote iko nafungula kinywa juu ya mayi."

Nikajibu na tonge mdomoni: "Waache, wanasali rozari." Meza nzima ikacheka.

Yeye hakucheka. Alibaki pale ameinama, nta ikimdondokea vidoleni. "Shemeki, kweli. Haiko bien."

Nami, bila hata kuinuka kitini, nikamwambia: "Kaa ule. Ya Mitwaba ni kuvua. Hii ni kemia."