Kisanduku Mlichofunga Kwenye Gari Langu

Mtaa wa Mwaka, Tunduma
Jumapili mchana

Kwa Baba yangu, Mzee Yesaya, Ibaba.

Shikamoo baba. Natumaini kifua kimetulia sasa baridi ya huko inapoanza kupungua, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyokuletea haijaisha. Habari za viazi? Nimesikia mvua imewapiga sana watu wa upande wa bondeni. Habari za majirani na za kanisani? Mimi mwanao ni mzima, duka linaendelea, watoto wanasoma. Hizo ndizo salamu, na nimeziandika kwa moyo wote kwa sababu wewe ni baba yangu. Yanayofuata nayo nayaandika kwa moyo wote, ila ni moyo wenye hasira, na ni vema ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kusema unanimalizia, na ukinimalizia vibaya unanigombeza kwa maneno ambayo hayakutoka kinywani mwangu. Karatasi huwezi kuikata. Anakuletea Priska, yule mwalimu aliyepanga kwa mama Angel. Nimemwomba akukabidhi mkononi kisha aondoke, ili usome peke yako.

Baada ya gari kufa ulimtuma mwanao Raphaeli aje kuniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini nimeliua gari lako. La pili, nilikuwa nafuata nini kule mbele ya Senjele wakati nilikuaga naenda Vwawa tu, kwa mama mdogo Ketrina. Raphaeli aliniuliza akiwa amesimama mlangoni mwa duka, wateja wanasikia, anazungusha funguo za pikipiki kidoleni. Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Nianze na gari. Kwanza si lako, baba. Ile Surf ulinipa mwenyewe nilipofungua duka la pembejeo, mama akiwepo na Raphaeli akiwepo. Ulisema Atupele ndiye anayepanda na kushuka Ileje kupeleka mbegu na dawa za viazi, kwa hiyo achukue. Ukanikabidhi ufunguo na tukaomba. Hakuna aliyesema nimeazimwa.

Unakumbuka lilivyoanza kuchoka. Likipanda kutoka Itumba kuja huko kwenu lilikuwa linatoa moshi mweusi, likifika kwenye zile kona za juu linaishiwa pumzi kabisa, na asubuhi likiwashwa linatetemeka. Nililipeleka kwa Saidi, yule fundi wa Tanga mwenye gereji kule Mpemba. Alipima akanionyesha kwamba injini yenyewe haina ubaya. Kilichozeeka ni kompyuta yake, lile boksi lililojificha nyuma ya dashibodi linaloamua dizeli iingie kiasi gani na wakati gani. Ndani yake vidude fulani vilikuwa vimevuja na kuanza kula njia za umeme.

Sikukurupuka. Nilikwenda pale gerejini mara nyingi hata vijana wake wakaanza kunitania kwamba nimeajiriwa. Saidi alinieleza njia zote. Tungeweza kutafuta boksi kama lile, lililotumika, tukabahatisha kama nalo halijavuja. Tungeweza kung'oa kila kitu na kuweka kompyuta mpya ya kupangwa upya kuanzia mwanzo, lakini hiyo inataka mtaalamu mwenye vifaa, na ikigoma ukiwa Ibaba nani atapanda kuifuata? Tungeweza kufunga kisanduku cha pembeni, vile vinavyoletwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Hicho hakitengenezi kitu. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta. Kinaiambia kwamba injini bado ni ya baridi, ongeza dizeli, nayo inaongeza, na wewe dereva unafurahia nguvu. Njia ya mwisho ilikuwa kulitengeneza boksi letu lenyewe, kubadilisha vile vilivyovuja, kisha kuliandika upya kidogo tu ili dizeli ilingane na hewa nyepesi ya milimani, na kuacha ulinzi wote kama ulivyo, ili injini ikipata moto ijipunguze yenyewe.

Nilichagua hiyo ya mwisho. Saidi aliniuliza kama nina hakika, kwa maana gari halitakuwa na mbio. Nilimwambia sitaki mbio. Nataka gari ambalo halitaniacha njiani. Nilimwambia hivyo nikiwa na sababu, na sababu hiyo utaisoma.

Nikamwachia gari nikaenda Dar kufuata mzigo wa mbegu. Niliporudi nikalikuta limeoshwa, na nilipokanyaga mafuta likaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nilifurahi, baba. Nilimsifu Saidi mbele ya watu. Alitazama chini akasema tunamshukuru Mungu, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Sasa siku yenyewe. Tulitoka Vwawa asubuhi, nikiwa na mgonjwa pembeni yangu. Ni nani, nitakuambia, subiri nimalize la gari. Tulishuka Senjele vizuri, tukavuka mto, tukaanza kupanda kuelekea Mbalizi. Mshale wa joto ulikuwa katikati, umetulia, kisha ukaruka juu mara moja. Kabla sijapata pa kuegesha, mvuke ukajaa mbele ya kioo na injini ikazima kwa mlio ambao bado nausikia nikifumba macho. Mgonjwa wangu nilimshusha nikamkalisha kwenye majani pembezoni mwa barabara, malori yanapita yanatutupia vumbi, jua linampiga. Alikuwa anatakiwa hospitali Mbeya asubuhi ile. Alikuwa amepewa kitanda. Tulijaribu kusimamisha magari mpaka mikono ikachoka. Aliyekuja kutubeba alikuwa dereva wa Canter ya vitunguu, mtu nisiyemjua hata jina, Mungu ambariki. Tulipofika, zamu ya mgonjwa wangu ilikuwa imepita na chumba cha upasuaji kimeshapangiwa wengine. Wakatuambia turudi nyumbani mpaka tutakapoitwa.

Kesho yake Saidi alikuja na gari la kuvutia. Alifungua boneti na hakuniangalia usoni. Aliingiza mkono nyuma ya dashibodi akatoa kitu cheusi chenye nyaya, nikamuuliza hiki nini. Akaanza kuzikunja zile nyaya. Nikamuuliza tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akasema, "Dada Atupele, mimi niliamriwa kwa simu na mzee wako."

Ndipo nikayajua yote. Kwamba nilipokuwa Dar, Raphaeli alifika gerejini na yule rafiki yake Abdulwahab anayeuza visanduku hivyo. Kwamba Saidi aliwaambia mwenye gari ameshachagua. Kwamba Raphaeli alikupigia palepale, ukasema weka sauti kubwa wote wasikie, na ukasema, "Fanya anavyokuambia kijana wangu. Huyo ni mwanamke, anajua rangi ya gari tu." Saidi anasema mafundi wake walicheka. Anasema ulimkataza asiniambie, maana nitaleta kelele. Boksi halikutengenezwa, baba. Lilirudishwa na uchakavu wake wote, na juu yake mkafunga kitu cha kulidanganya. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, imepasuka kwa sababu injini ilikuwa inaungua na kompyuta inaambiwa ni baridi.

Saidi nimemwambia maneno yake na ameyameza. Yeye alikuwa na mdomo wa kuniambia. Lakini Saidi hakunizaa.

Na kingine alichonieleza ni kwamba nguvu zile hazikuwa kwa ajili yangu. Mlikuwa mmeshapanga, wewe na Raphaeli, kwamba mavuno yakiisha gari liende Mkwajuni likabebe mawe ya machimboni. Mlipanga kunipa taarifa lini? Nikiamka nikakuta nafasi tupu uani? Nimekaa na jambo hili tangu siku ile na kila nikiligeuza linaniuma upande mwingine. Mimi ndiye ninayepigiwa simu mtu akizidiwa huko Ibaba. Mimi ndiye niliyekushusha wewe mwenyewe kwa kifua mwaka jana, ukiwa umenishika mkono. Siku ile hukusema najua rangi tu.

Sasa swali lako la pili.

Mgonjwa niliyekuwa naye alikuwa mama.

Kaa chini kama umesimama. Mama hakuwa Vwawa kumsaidia Ketrina kazi za kahawa. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto, aliugundua mwenyewe akioga, akanieleza mimi tukiwa tunamenya viazi jikoni kwako, wewe ukiwa sebuleni unasikiliza redio. Kila safari uliyoambiwa ni ya kwa Ketrina ilikuwa safari ya Mbeya. Mimi ndiye niliyekudanganya na sitaomba radhi kwa hilo, maana mama ndiye aliyeniomba, na alinishika mikono yote miwili akiniomba.

Nilimuuliza kwa nini usijue. Akanijibu kwa kunitajia shangazi Ruti. Nawe unamkumbuka dada yako. Alipopata ugonjwa huohuo ulisema hakuna mtu wa ukoo wako atakayekwenda kukatwa. Ukamleta mtu wa dawa kutoka Mbangala, ukafunga mlango, na watu waliotaka kumpeleka hospitali ukawafukuza uani. Mama ndiye aliyekuwa anambadilisha nguo. Anasema shangazi alikuwa anaomba kupelekwa, kwa sauti ndogo, na kila akianza wewe ulikuwa unamwambia anyamaze apumzike, mpaka siku alipokufa. Mama aliniambia hivi: "Baba yako si mtu mbaya, lakini akishajua ataamua, na akishaamua mimi sitakuwepo tena kwenye mazungumzo."

Ndiyo sababu sikutaka mbio. Nilipokuwa nimesimama pale gerejini nikichagua, sikuwa nachagua gari. Nilikuwa nahesabu ile miinuko yote kutoka Ibaba mpaka Mbeya, na mama akiwa kwenye kiti cha mbele na khanga amejifunika kifuani. Nyinyi mkachagua kwa simu, mkicheka.

Amefanyiwa upasuaji wiki iliyopita. Titi limeondolewa. Amezinduka vizuri, anakula uji, analalamika kwamba uji wa Ketrina ni mwepesi, na kwa hilo nimejua ni mzima. Yuko Vwawa kweli safari hii. Kuna matibabu mengine yatakayofuata na itabidi aende Mbeya mara kwa mara. Madaktari hawajasema kama kule kuchelewa kumeongeza ubaya. Niliwauliza, wakasema tusubiri majibu. Mimi nasubiri. Sitakuambia kwamba kisanduku chenu kimemuumiza mama kwa sababu sijui, lakini sitakuambia pia kwamba hakikumuumiza.

Gari liko kwa Saidi. Hedi nyingine imepatikana, na safari hii boksi linatengenezwa vile nilivyosema, nami nakaa palepale kwenye kiti mpaka afunge skrubu ya mwisho. Kile kisanduku nimempelekea Abdulwahab dukani kwake, nimemwekea juu ya meza mbele ya wateja wake na kumweleza kilifanya nini. Alisema yeye ni muuzaji tu. Raphaeli nimemwambia Mkwajuni atafute gari lingine. Amesema atakuambia. Basi akikuambia, utakuwa umeshasikia kwangu.

Mama anajua naandika. Nilikwenda Vwawa nikamsomea mpaka hapa, akaniambia nimekuwa mkali mno, kisha akasema nisifute chochote. Nilimuuliza kama unaruhusiwa kuja. Akasema njoo. Lakini amesema usije na mtu wa dawa, usije na wazee wa ukoo, na usije na Raphaeli. Njoo peke yako, umuulize anaendeleaje, halafu usubiri jibu.

Mimi pia nasema njoo. Ukifika kwangu nitakuamkia, nitakupokea mzigo, nitakutengea maji ya kuoga na chakula, na utalala chumba chenye godoro zuri. Nitayafanya hayo kwa sababu ndivyo mlivyonilea wewe na mama. Ila usinisubiri nicheke, baba. Bado nina hasira, na sijui itaisha lini.

Wasalimie mama Angel na wote wa hapo nyumbani. Jifunike vizuri asubuhi, umande wa huko si mzuri kwa kifua chako. Shikamoo tena.

Ni mimi binti yako,
Atupele