Yule mwanamke wa kamari

Mwenzangu, hebu sikia. Kompyuta ya mzee imeandika kwa herufi nyekundu: HATARI, kuna virusi, nifute? Ni ule mchezo wake wa kamari, wenye yule mwanamke wa kugawa karata anayemwita "mpenzi".

Nikafuta. Nikafuta huku nacheka!

Mzee kaita fundi. Fundi eti, "Bibi, mchezo ni safi. Programu ya kuzuia virusi ndiyo imekosea, michezo hii huishuku bure. Niurudishe?"

Safi! Na macho yale anavyomrembulia mume wangu?

Nikamwambia, "Ukiurudisha, baba, mchukue na mzee ukaishi naye."

Fundi kaondoka. Mzee kanuna, kisha akauliza, "Karata unazijua wewe?"

Ngoja, zamu yangu. Nimeshamfunga mara mbili.