Upinde Usio na Magurudumu

Mtani wangu Lechipya,

Huko uliko keti vizuri unisikilize. Jana asubuhi nimempiga kanga kwa upinde wako. Hatua sitini, akiwa anaruka, mshale mmoja tu.

Sawa. Hakuwa kanga, alikuwa kuku. Hakuwa anaruka, alikuwa anakunywa maji. Hatua zilikuwa kumi na mbili, na nilizipima kwa miguu ya bibi harusi. Na sikumpata. Mshale ulipita pembeni yake ukachoma ardhi, naye akaufuata akaudonoa akidhani ni chakula. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na marehemu wapya, maana hapa Zuzu hakuna anayekufa na siri.

Kwanza nikupe habari za mazishi yako, kwa sababu ulikuwepo lakini hukuchangia neno. Nilifanya kazi yangu ya utani kama Mnyamwezi anavyopaswa kumfanyia Mgogo. Kabla hujashushwa niliruka kaburini, nikajilaza chali, nikakataa kutoka mpaka nipewe jogoo. Mchungaji akatazama mawingu. Nikiwa mle chini nikagundua jambo: kisogo kimegusa ukuta wa huku, visigino vimegusa ukuta wa kule. Na wewe ulinizidi urefu kwa shubiri nzima, na ile miguu yako ya korongo. Nikapaza sauti kutoka shimoni, nikasema, huyu mtu mnataka azikwe amekunja magoti kama abiria wa behewa la daraja la tatu? Watu wakacheka mpaka waliokuwa wanalia, lakini vijana waliingia na sururu wakaongeza shubiri moja. Umelala umenyooka kwa sababu yangu. Likumbuke hilo, nitalirudia. Jogoo nilipewa, alikuwa na umri wangu.

Sasa tuje kwenye maneno yako ya mwisho. Mtu anakata roho, watoto wamemzunguka wakingoja baraka, yeye anasema, "Upinde wangu mpeni yule Mnyamwezi wa baiskeli." Halafu unaondoka zako, unaniacha natazamwa na ukoo mzima.

Baiskeli. Ndivyo ulivyouita upinde wangu miaka yote, tangu yule mgeni wa kuwinda aliyefurahia mapishi yangu kambini aliponiachia. Kweli una gurudumu juu na gurudumu chini, nyaya katikati, vidoti vya kulengea, na kifyatulio cha kuvaa mkononi. Lakini ngiri waliokuwa wanamaliza uwele wako, nani aliwapiga, bwana nyamapori mwenyewe akishuhudia? Wewe ulichosema ni, "Mtani, kengele yake iko wapi?" Ngiri wa tatu alipoanguka ukauliza kama nimemgonga au nimemkanyaga.

Basi siku ya kumaliza msiba kaka yako Masaka akasimama mbele ya watu. Akasema katika ukoo wenu upinde wa marehemu haurithiwi kwa mdomo. Mrithi anauvuta hadharani, hatua ishirini, anapasua kibuyu kilichotundikwa kwenye nguzo ya zizi. Akikosa, upinde unavunjwa na vipande vinalazwa juu ya kaburi. Mimi nikavua koti. Nikasema leteni kibuyu, na cha pili kaeni nacho karibu, kimoja kitanichosha mapema.

Mtani, kwa nini hukuniambia?

Upinde wa magurudumu ukiuvuta ni mzito mwanzoni, ukifika mwisho unalegea wenyewe. Hapo una nafasi yako. Unalenga, unakohoa, unakumbuka kama ulifunga mlango wa banda, unalenga tena. Nikauvuta wako hivyohivyo. Nikafika shavuni, nikafumba jicho moja, nikasubiri ulegee. Haukulegea. Nikazidi kusubiri, kwa adabu, nikidhani labda wa mti unachelewa. Mikono ikaanza kutetemeka, magoti yakaitikia. Bibi mmoja akadhani mzimu wako umenipanda kichwani, akapiga kigelegele. Vidole vikaniponyoka, kamba ikanichapa mkono kama mwalimu wangu wa darasa la nne, yule aliyenifanya nitokee dirishani nisirudi tena shuleni. Mshale ukaondoka na safari zake. Kibuyu kilikuwa mbele yangu. Mshale ulikwenda kulia, ukapita juu ya sufuria ya wali, ukaingia kwenye tairi la nyuma la baiskeli ya katekista.

Tukasikia upepo unavyotoka. Fssss. Ndipo mkeo akacheka. Tangu tukuzike alikuwa hajacheka, hata meno yake tulikuwa tumeyasahau. Akacheka akashika ukuta, akasema, "Marehemu alisema siku moja huyu ataua baiskeli."

Lakini Masaka hakucheka. Aliuchukua upinde, akauweka juu ya goti. Mtani, nilitaka kusema utani wowote, hata wa kijinga. Mkeo ndiye aliyesema, "Shemeji Masaka, weka chini. Hata ndama huanguka kabla ya kusimama. Mwacheni mpaka tumalize kuvuna uwele, ajaribu tena mara moja. Akikosa hapo, vunja."

Uwele umeisha kuvunwa. Jaribio ni Jumamosi, leo Alhamisi.

Usidhani nilikaa bure. Kila asubuhi niko nyuma ya zizi lako na gunia la pumba, pale tulipokuwa tunakaa kunywa togwa na kusengenya. Wapima viwanja wameshachomeka jiwe lao hapohapo, sasa nalitumia kuwekea kofia. Treni ya umeme inapita siku hizi kama mtu anayekwepa kusalimia. Ukiisikia imeshapita, hata hujamaliza kushtuka. Wewe ungeitukana vizuri kuliko mimi.

Mwalimu wangu ni mkeo. Usikasirike. Analeta kinu, anakigeuza, anakikalia, anapepeta uwele huku ananitazama. Kumbe miaka yote ulipokuwa unachonga na kupiga, yule mama alikuwa anasoma. Siku ya kwanza akaniuliza, "Shemeji, unasubiri nini hapo?" Nikamwambia nasubiri ulegee. Akasema, "Huo ni mti. Wewe ndiye unayelegea." Akanionyesha kwa mkono mtupu ulivyokuwa unafanya: unatazama kwanza, unavuta ukiwa umeshaamua, ukigusa shavu umeachia. Mimi nilizoea kuvuta kwanza ndipo nianze kufikiri. Nadhani hata ndoa niliingia hivyo.

Alinigombeza siku moja tu. Nilikuwa nimeuacha upinde usiku kucha na kamba yake imekazwa. Akaikuta asubuhi, akaifungua pole pole, akaipapasa ile kamba ya kano kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Akasema ulikuwa unamwambia upinde uliolala na kamba ni kama mtu aliyelala na viatu, anaamka amechoka. Tangu hapo naivua kila jioni. Mke wangu anasema viatu vyangu mwenyewe sijawahi kuvijali hivyo. Yeye ameshanifunga soksi mkononi kuzuia kamba isinichape, na majirani wameambiwa hanipigi.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Pale pa kushikia, ile ngozi uliyoizungushia, kidole gumba chako kimechimba kishimo. Miaka yote hiyo. Kila nikiushika, kidole changu kinateleza kinaingia humo, na kinaenea. Kinaenea kabisa, mtani. Mimi sikujua kama tulikuwa na... Basi. Vumbi la Dodoma unalijua, limeniingia machoni.

Ninachotaka kusema ni kwamba upinde ukivunjwa Jumamosi, kile kishimo kitakaa juani juu ya kaburi mpaka mchwa wakimalize, nami nitarudi kwenye baiskeli yangu bila mtu wa kuniuliza kengele iko wapi. Ngiri nitawapiga. Lakini nitawapiga kimyakimya, na hiyo si kuwinda, ni kuchinja.

Kwa hiyo sikiliza hali halisi, bila majivuno. Sitetemeki tena. Urefu naupata. Mishale yote inakwenda kwenye kimo cha kibuyu, hakuna tairi lililo hatarini. Lakini yote inakwenda kulia. Mmoja baada ya mwingine, imepangana kwenye gunia kama wanafunzi mstarini, na nimepima kwa mkono wangu tangu alama mpaka ilipo. Mkeo naye akapima kwa wake. Tumekubaliana. Ni shubiri moja.

Naahidi hivi: upinde ukibaki kwangu, hautalala na viatu hata siku moja, na kila mavuno nitakuja nao kaburini tuupige, nikutukane, uone nimefikia wapi. Nawe pumzika. Usigombane na Wanyamwezi wa huko, baadhi yao ni wajomba zangu.

Ila kabla hujapumzika, lile jambo la kaburi. Visigino vyako viko wapi sasa? Vimenyooka. Nani alilala kwenye udongo wa baridi na shati la Jumapili akapiga kelele kwa ajili yako? Si jogoo ninayekudai, huyo nilishamla. Nakudai kipimo kilekile nilichokupa. Jumamosi, jua likiwa juu ya zizi, nitavuta nikiwa nimeshaamua, nitagusa shavu, nitaachia. Upepo wa hapa wewe sasa uko nao karibu kuliko mimi. Ushike mkia, uusukume kidogo upande wa kushoto.

Shubiri moja tu, mtani. Halafu jinyooshe ulale.

Wako mwenye baiskeli,
Maganga