Chumba cha Chini cha Kaka Kasian

S.L.P. 41,
Mikumi, Kilosa.
8 Juni 2025

Mpendwa kaka Kasian,

Shikamoo. Habari za huko Winnipeg? Wifi Tumwagile hajambo? Na Happiness wenu, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku tu wazima, ila magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi kukiwa na baridi. Usinicheke kwa kuiita hii baridi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Mama ndiye aliyetaka. Anasema kwenye simu akikuuliza utarudi lini unacheka, unasema "mwakani, Mama, mwakani," kisha mtandao unakatika. Safari hii anataka jibu la mkono wako, alisome mwenyewe.

Jambo lenyewe ni chumba chako cha chini, kile Baba alichokichimba chini ya sebule kwa kuwa kiwanja chetu kiko mteremkoni, akakiwekea mlango upande wa migomba ili uwe na kwako bila kutuhama. Nimetaka tukipangishe, tena kihalali, siyo kumficha mtu kwenye stoo. Niliomba kibali, bwana afya akaja kutoka Kilosa na futi kamba yake. Akapima, akatikisa kichwa. Dirisha dogo, choo hakuna, na dari iko chini mno.

Kuhusu dari nilicheka mwenyewe pale pale, akaniona sina adabu. Ningemwelezaje? Baba hakutumia futi. Alikusimamisha pale ukiwa darasa la sita, akakuambia unyooshe mkono, na vidole vilipoishia ndipo alipoweka alama ya dari. Alisahau kuwa watoto wanarefuka. Ulipofika kidato cha tatu ulikuwa unaingia umeinama, na Baba kila akikuona anaapa kwamba atabomoa. Mungu amrehemu, hakubomoa.

Sasa dari huwezi kuipandisha, maana juu yake ndiyo sebule. Fundi wetu Shimba, Msukuma mmoja mpole kutoka Dumila, akashusha sakafu badala yake. Alichimba kidogo kidogo asiuguse msingi, udongo ukatoka ndoo kwa ndoo wiki tatu nzima. Akapanua dirisha, akajenga choo na bafu, akaongeza ngazi mbili mlangoni. Bwana afya alirudi, akapima tena, na kibali ninacho.

Siku zege lilipokauka nilisimama katikati ya chumba nikawaza kwamba leo Kasian angesimama wima humu. Nililia, kaka, sikufichi. Shimba alijifanya anatafuta mwiko wake huko nje.

Mpangaji nimeshampata, anaitwa Jenipher, mwalimu mgeni pale shuleni kwetu, dada mtulivu. Anangoja mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nilifikiri Mama atafurahi, kwa sababu mimi nashinda shuleni na yeye anabaki peke yake, hata wa kumwambia "pole" hana. Kumbe ufunguo kaufunga kwenye pindo la kitenge na hautoi.

"Letisia, mwenye chumba hajafa," aliniambia. "Aulizwe."

Anaogopa utafika siku moja na begi lako ukute kandambili za mtu mwingine mlangoni. Nilimkumbusha kwamba miaka kumi na moja imepita tangu uondoke. Akalikaza fundo la kitenge, akaenda zake jikoni.

Na mimi nina hasira na wewe kidogo, ngoja niitoe. Uliwahi kuniambia kwamba huko unapanga chini ya nyumba ya watu, dirisha liko sawa na theluji, na unamsikia mwenye nyumba akitembea juu ya kichwa chako. Tangu siku hiyo nikimsikia Mama akiburuta ndala zake sebuleni nakuwaza wewe. Anatembea juu ya chumba kitupu, na mwanawe anasikiliza miguu ya wageni. Naona kama tumekosea mahali.

Shangazi Salome anakusalimu, na babu Yared wa Vidunda kila nikipanda kumwona ananiuliza umeoa kabila gani, nami kila mara namjibu. Mbusu Happiness kwa niaba ya bibi yake. Mungu awalinde katika nchi hiyo ya baridi, awape kazi nyepesi na usingizi mzuri.

Basi jibu, kaka. Neno moja linatosha. Ukiandika "pangisheni," Mama atautoa ufunguo, Jenipher atahamia, na hutasikia lawama kwangu. Ila ujue kwamba mimi niliyehangaikia kibali na mafundi ndimi ninayepiga magoti kila jioni kuomba uandike "niachieni."

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka,
Letisia