Barua Zilizopigwa Chapa

4 Februari

Mwanangu Kitinda,

Habari za huko, na afya ya nyumbani kwako? Sisi huku wazima, ukiacha goti langu la kulia, ambalo nalo limestaafu bila kuaga.

Barua yako imefika na nimeiweka kwenye faili lako. Unajua utaratibu wangu: watoto sita, mafaili sita, tangu dada yenu mkubwa alipoolewa. La kwako lilikaa tupu miaka ishirini na miwili, na mama yako amekufa likiwa tupu. Halafu ghafla, mwaka jana, barua kila mwezi bila kukosa.

Nafurahi, sikatai. Lakini nimesahihisha insha miaka thelathini na minane. Mtoto wa mistari mitatu akileta kurasa mbili, mwalimu hujiuliza nani kamsaidia. Unasema mkono uliungua ukichomelea mageti, ndiyo maana unapiga chapa. Pole. Ila mwaka mzima mkono haujapona?

Basi, tuyaache. Jana nilicheka peke yangu nikikumbuka mbuzi wetu wa madoadoa alivyotafuna daftari lako la hesabu, ukaja shuleni unalia na jalada mkononi. Unamkumbuka?

Baba yako

26 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, usilisimamie sana. Huku hatujambo, wajukuu zako wanakua na viatu haviwatoshi.

Mbuzi yule nitamsahau vipi? Nilimchukia mpaka siku alipouzwa. Mkono unaendelea vizuri, ila daktari amesema nisiuchoshe. Juzi nilikuwa nawasimulia watoto jinsi ulivyotufulia sare kila Jumapili ili mama apumzike, ukizianika kwa mpangilio wa madarasa. Usijisumbue na mashaka, Baba.

Mwanao

5 Machi

Kwako wewe unayeandika,

Salamu. Afya yako siulizi, kwa kuwa sijui ni ya nani.

Hatujawahi kufuga mbuzi. Mama watoto alikuwa akipiga chafya kabla hajafika kwenye zizi la jirani. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia hapo.

Lakini la sare ni kweli, na wanaolijua ni wa nyumba hii tu. Maana yake mwanangu amekaa mahali akakusimulia. Tangu juzi sili vizuri. Najiuliza kama yuko gerezani, au anaumwa hawezi kushika kalamu, au mmeshamzika mkaona mzee afichwe. Nina miaka themanini na moja na nimemzika mke wangu. Usinionee huruma. Yu hai, au hayupo? Nijibu hilo, mengine yote nitakusamehe.

Baba yake

19 Machi

Baba mkwe,

Shikamoo. Yu hai. Nimeanza na hilo ili hayo mengine uyasome umekaa.

Mimi ni mke wa Kitinda. Mkono wake mzima kabisa. Leo ameshinda akichomelea geti la zahanati. Barua zako nilizikuta kwenye sanduku lake la vifaa, za miaka yote, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nikazifungua mimi. Nafanya kazi kwenye duka la kupiga chapa, basi siku moja nikakujibu kwa huruma, ukafurahi mno, nikashindwa kuacha. Naomba radhi.

Watoto anawasimulia mazuri yako. Nikitaja kukuandikia, anainuka anatoka. Mara moja tu alinieleza. Kwamba mwaka wa mtihani wake wa mwisho bahasha ya mtihani ilikutwa imefunguliwa ofisini kwako, wewe ukiwa mwalimu mkuu na yeye akiingia humo apendavyo. Kwamba ulimtoa mstarini mbele ya shule nzima ukamfutia mtihani, watu wasiseme unamkingia kifua mwanao. Alikwambia hakuigusa. Hukumwamini, akaondoka nyumbani.

Sasa nami nina mashaka yangu, Baba. Nimesoma barua zako zote na hilo sijaliona popote. Uliwahi kumjua aliyeifungua?

Mkweo

2 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba. Nashukuru kwa kuniambia yu hai. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Ndiyo, nilimjua. Ni karani wa shule. Miaka mitano baada ya Kitinda kuondoka, alikuja kuniaga akihama, akakaa kwenye kiti cha wageni akaniambia mwenyewe. Nikamsindikiza hadi njiani kama mgeni mwingine yeyote. Mke wangu sikumwambia. Nilisema nitamwandikia Kitinda kesho, na kesho hiyo ina miaka kumi na minane sasa. Niliandika habari za mvua, za goti, za dada zake. Hizo barua hata angezifungua, asingekuta kitu.

Watoto wa watu niliwashuku maisha yangu yote nikaitwa mwalimu makini. Naona aibu, mkwe wangu.

Msomee hii. Akitoka nje mfuate nayo. Kisha niambie anataka nini.

Baba mkwe wako

20 Aprili

Mzee,

Huu ni mwandiko wangu. Mke wangu alinifuata mpaka karakana, nikazima mashine nikamsikiliza mpaka mwisho.

Salamu sina. Ulinitoa mbele ya watu mia nne. Kunisafisha kimyakimya ndani ya bahasha hakutoshi.

Kitinda

3 Mei

Mwanangu Kitinda,

Salamu natoa mimi. Natumaini mu wazima wote wanne.

Jumatatu nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa nilimfundisha mimi. Nilimwomba dakika tano za mstari wa asubuhi, akadhani nataka kutoa nasaha. Nikasimama pale niliposimama siku ile. Nikataja jina lako kamili na mwaka. Nikasema hukuiba mtihani, nilikuonea, nikaambiwa ukweli na nikanyamaza miaka kumi na minane. Watoto hawakuelewa. Mmoja aliuliza kama mtihani utarudiwa. Wengine wakaanza kupiga makofi, nikawaambia wasipige.

Nilikuwa nimewaita wenzako wa darasa lile, wakaja watatu: fundi cherehani, dereva wa lori na yule mwenye duka la dawa. Tulipomaliza, fundi cherehani akaniambia, "Mwalimu, sisi tulijua siku ileile kwamba si yeye. Tulimwona karani. Ila nani angekuambia? Wewe ukishashuku ulikuwa umeshahukumu."

Nimerudi nyumbani nikakaa na faili lako magotini mpaka dada yako alipoleta chakula.

Sikuombi uje, wala sikuombi unisamehe. Naogopa kufa kabla sijakuona, hilo nalisema wazi, lakini ni shida yangu, si deni lako. Nimekuandikia hapa chini anwani za hao watatu. Waandikie uwaulize kama kweli nilisimama na nilisema nini. Neno langu peke yake usiliamini.

Baba