Gemu la Neema nimelitupa chooni

Jumapili, Mbalizi

Halitoki tena, shimo ni refu. Gemu la mkononi la Neema, mjukuu wangu aliyekuja likizo kutoka Iringa.

Simu yake nilimfungia kabatini. Jana nikamkuta kafungua intaneti iliyofichwa ndani ya gemu. Nani alijua imo? Nikafoka, "Mjanja wewe! Wanaume ndio unawatafuta humo?" Akaanza kujieleza, sikumngoja.

Leo asubuhi kanipigia magoti. "Mugonile, bibi." Kinyakyusa safi! Nikamuuliza kafundishwa na nani.

"Nilisoma kwenye gemu, bibi. Ulinisema mbele ya wageni, eti sijui hata kusalimia kikwetu."

Nikamwambia akateke maji.

Mimi, mama wa watoto saba, neno samahani limenishinda.