Usingizi Wangu Mwenyewe

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto. Goti la wifi limepona? Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, ingawa bado ananung'unika kwamba umemtupa.

Unazikumbuka zile dawa za usingizi nilizoandikiwa shemeji yako alipofariki. Zilinilaza kweli, lakini asubuhi kichwa kilikuwa kama kimejazwa pamba. Ndiyo maana meneja aliniondoa kwenye usukani wa basi akaniweka dirishani kukata tiketi. Basi, kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Mfamasia aliponiambia, nilimwomba aangalie tena kwenye rafu.

Nilikwenda kwa daktari kuomba nyingine za aina ile. Akaniketisha, akanieleza kwamba ubongo una kemikali yake ya kujituliza, na inadhaniwa dawa ile huiongezea nguvu, ingawa wataalamu wenyewe hawajamaliza kuchunguza. Mwili ukishazoea kusaidiwa, huanza kutegea.

"Kwa hiyo breki ninayo, daktari, ila mguu umelala?" nikamuuliza.

Akacheka, akasema ni karibu na hivyo. Alinionya nisiache ghafla, tupunguze kidogo kidogo vidonge vilivyobaki.

Kaka, nilikiona cha moto. Nilikuwa mkali hata mama akawa ananipisha kwenye korido. Dirishani nilikuwa nakosea kurudisha chenji. Vidonge vilipokwisha kabisa, nilitaka kwenda kuvitafuta kwa njia za panya. Mama akaja kukaa kitandani kwangu, akaanza kunipa umbea wa majirani. Nikapitiwa na usingizi pale pale habari ilipokolea. Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda, kichwa chepesi, na mama amenuna kwa sababu sikumsikiliza mpaka mwisho. Tangu hapo nalala mwenyewe.

Sasa nikwambie nililokuficha. Ninaandika kwa sababu kwenye simu ningelia. Daktari amenipima na kuthibitisha kwamba naweza kuendesha. Mkaguzi akanipeleka barabarani, milima na kona zote, na tuliporudi akamwambia meneja kwamba dirishani walikuwa wananipotezea muda. Basi la Jumamosi la kuja kwenu nitaliendesha mimi. Ukifika kituoni usisubiri mlangoni pamoja na wenye wageni. Njoo upande wa dereva, nikushukie mikononi.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yuko njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku, dereva.